Unataka Dima Sebuleni? Anza na Balbu

Nyumba nyingi za Mbezi Luis, Makabe, Msakuzi na Kibamba hujengwa kwa awamu. Mtu anahamia kabla ya kupiga plasta ya nje, umeme unaanza na vyumba viwili, sebule inamaliziwa mwaka mwingine, na jipsamu ikishapigwa na taa za urembo kufungwa ndipo swali la dima linapokuja. Mwanga unakuwa mkali mno wakati wa kuangalia mpira au kumbembeleza mtoto alale, na mwenye nyumba anatamani swichi ya kuzungusha inayoongeza na kupunguza mwanga. Swichi hiyo ndiyo dima. Makala haya yanaeleza inavyofanya kazi, ipi ununue, nani aifunge, kazi inavyokwenda hatua kwa hatua, na fedha utakazohitaji.

Kabla ya yote, jambo moja litakalokuokoa gharama: dima haikubaliani na kila taa. Wengi hununua dima kwanza, wakaifunga, kisha taa zikaanza kucheza na kulia, wakaamini wameuziwa dima mbovu. Mara nyingi dima haina tatizo lolote. Balbu ndiyo isiyofaa.

Umeme wa TANESCO unaoingia nyumbani kwako ni wa volti 230, na mkondo wake unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Swichi ya kawaida inajua kuwasha na kuzima tu. Ndani ya dima kuna kifaa kidogo cha kielektroniki kinachokata mkondo na kuurudisha mara 100 kwa sekunde, kama mtu anayefunga na kufungua koki ya maji haraka kupita kiasi. Kadiri unavyokatwa kwa muda mrefu zaidi katika kila mzunguko, ndivyo taa inavyofifia, na kwa kasi hiyo jicho halioni kukatika kwenyewe. Zamani kumbi za maonyesho zilitumia vifaa vikubwa vilivyozuia umeme na kuugeuza kuwa joto. Mmarekani Joel Spira ndiye aliyetengeneza, mwaka 1959, dima ya kielektroniki ndogo ya kutosha kuingia kwenye kisanduku cha swichi ukutani, na mwaka 1961 akaanzisha kampuni ya Lutron. Dima za wakati ule zilikusudiwa balbu za uzi, zile za kizamani ambazo uzi wa ndani hupata moto hadi ukawaka. Uzi ukipata umeme kidogo, unapoa kidogo na mwanga unashuka. Hauna masharti mengine.

Taa za LED tunazotumia leo hazifanyi hivyo. Kila balbu ya LED ina sakiti yake ndogo ndani, na kazi ya sakiti hiyo ni kuhakikisha mwanga haubadiliki hata umeme ukiyumba. Ukiikatia umeme kwa dima, inapambana nayo: taa inapepesa, inavuma, inazima ghafla ukifika nusu, au inakufa baada ya wiki chache. Ndiyo maana viwanda hutengeneza LED maalumu zinazokubali kupunguzwa, na kwenye boksi lake huandikwa neno la Kiingereza "dimmable". Ukikuta "non-dimmable", au huoni maandishi yoyote kuhusu jambo hilo, ihesabu kuwa haifai.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji bisibisi. Zima taa, iache ipoe, ifungue, uisome. Balbu za enaji seva, zile za mirija iliyojipinda, karibu zote hazifai. Tubulaiti hazifai. Zile taa bapa za duara zinazozamishwa kwenye jipsamu, ambazo sasa zimejaa katika nyumba mpya za ukanda wetu, huwa na kiboksi kidogo cheupe juu ya dari kinachobadilisha umeme kabla haujafika kwenye taa. Kiboksi hicho ndicho kinachoamua, na vile vinavyouzwa pamoja na taa za bei ya kawaida havikubali dima. Ukanda wa LED uliofichwa pembezoni mwa jipsamu nao una kiboksi chake, na hupunguzwa kwa rimoti au kidhibiti chake maalumu, siyo kwa dima ya ukutani. Balbu za rimoti au za kuongozwa kwa simu zina kipunguzio ndani yake, kwa hiyo ziachie swichi ya kawaida.

Feni je? Hapana. Dima ya taa isifungwe kwenye feni hata siku moja. Feni ina mota, na mota ikilishwa umeme uliokatwakatwa na dima ya taa inaunguruma, inapata joto, na inaweza kuunguza dima au mota yenyewe. Feni ina regyuleta yake. Kama taa na feni ya sebuleni vinawashwa na swichi moja, ni lazima vitenganishwe kwanza.

Ukigundua taa zako zote ni zile bapa za kwenye jipsamu, usikate tamaa, ila fikiri upya. Kubadilisha taa kumi pamoja na viboksi vyake kunagharimu zaidi kuliko dima yenyewe. Mara nyingi ni nafuu kumwambia fundi azigawe taa katika makundi mawili, kila kundi na swichi yake, ili jioni uwashe chache tu. Taa ya mezani yenye balbu ya wati 3 nayo inatosha kabisa kwa chumba cha mtoto. Ushauri wangu ni kwamba dima inafaa zaidi pale penye taa ya kuning'inia yenye soketi za balbu, kwa kuwa hapo unabadilisha balbu tu bila kugusa dari.

Je, dima itapunguza matumizi ya LUKU? Kwa kiasi fulani, lakini siyo kama wauzaji wanavyosema. Chukua taa ya kuning'inia yenye balbu 8 za uzi za wati 40 kila moja. Hizo ni wati 320. Ukiiwasha saa 5 kila usiku kwa siku 30, unatumia uniti 48. Kwa mteja wa kawaida anayelipa karibu shilingi 350 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, hiyo ni shilingi 16,800 kwa mwezi. Weka badala yake balbu 8 za LED za wati 5, jumla wati 40, na matumizi yanashuka hadi uniti 6, yaani shilingi 2,100. Sasa ongeza dima na utumie nusu ya umeme huo kila usiku: unaokoa uniti 3, shilingi 1,050 hivi kwa mwezi. Dima ya shilingi 30,000 itachukua zaidi ya miaka miwili kujilipa. Kwa aliye kwenye kundi la matumizi madogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi wanaotozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, itachukua muda mrefu zaidi. Kilichookoa fedha hapo ni LED. Dima inunuliwe kwa ajili ya raha ya macho, usingizi wa mtoto au mgonjwa anayesumbuliwa na mwanga mkali. Hizo ni sababu nzuri za kutosha.

Kununua dima yenyewe

Maduka ya vifaa vya umeme yako mengi kandokando ya Barabara ya Morogoro na ile ya kwenda Goba, na kwa swichi za kawaida hayana shida. Kwa dima utapata uchaguzi mpana zaidi Kariakoo. Panda daladala hadi Kimara, chukua mwendokasi ushuke Msimbazi, halafu uingie mitaa ya vifaa vya umeme. Nenda na balbu moja uliyoichagua mkononi. Muuzaji mzuri atakubali kuifunga kwenye dima ya majaribio pale dukani, na utaona kwa macho yako kama inapepesa.

Soma mambo manne kwenye boksi. La kwanza ni volti: iandikwe 220 hadi 240 na 50 Hz. Ndugu aliyeko Marekani au Kanada akikuletea dima ya kule, usiifunge, maana umeme wao wa majumbani ni wa volti 120 na mzunguko wa 60, na hata visanduku vyao ni virefu, siyo vya mraba. Ya Dubai au Muscat haina tatizo hilo. Umeme wao na visanduku vyao vinakaribiana na vyetu.

La pili ni wati, na hapa wengi hukosea. Boksi likisema wati 400 bila maelezo, hiyo ni kwa balbu za uzi. LED zinapowashwa huvuta umeme mwingi kwa nukta moja, kwa hiyo kiwango chake huwa cha chini sana. Kama mtengenezaji ameandika kiwango cha LED peke yake, fuata hicho. Kama hakuandika, mafundi wazoefu huchukua sehemu moja ya kumi: dima ya wati 400 ipewe wati 40 za LED, basi. Kuna pia kiwango cha chini. Dima inayohitaji angalau wati 20 haitatulia ukiipa balbu moja ya wati 7.

La tatu, tafuta iliyoandikwa wazi kuwa ni ya LED. Kuna dima zinazokata mwanzo wa wimbi la umeme, ambazo zilifaa balbu za uzi, na zinazokata mwisho wa wimbi, ambazo kwa kawaida ndizo zinazotulia na LED. Kwenye boksi za aina hii ya pili huandikwa "trailing edge". La nne ni kiwango cha ubora: tafuta namba IEC 60669-2-1, ambayo ni ya swichi za kielektroniki za majumbani, na jina la kiwanda linalosomeka. Boksi lisilo na jina la kiwanda, wala kipimo cha wati, wala mchoro wa kuunganisha, liache dukani hata kama ni la bei ya kutupa. Waya ukihitajika, chukua wenye nembo ya TBS.

Pima pia kisanduku cha ukutani, kile cha chuma kilichozikwa nyuma ya swichi. Upana si tatizo, kwa kuwa swichi ya mraba ya kawaida ni karibu milimita 86 kwa 86 na dima nyingi zimefuata hapo. Tatizo ni kina. Mafundi wengine waliweka visanduku vya milimita 16 ili wasichimbe tofali sana, na dima ina mwili mnene nyuma. Inahitaji angalau milimita 25, na nyingine 35. Ukiilazimisha kwenye kisanduku kifupi, nyaya zinabanwa na joto linakosa pa kutokea.

Nani aguse nyaya?

Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, kazi za kufunga umeme kwenye majengo hufanywa na watu wenye leseni, na anayetoa leseni hizo ni EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Kubadili balbu ni kazi yako. Kufungua swichi na kuunganisha dima ni kazi ya fundi mwenye leseni. Usione aibu kumwomba akuonyeshe leseni yake, na angalia jina na tarehe ya kuisha. Cheti cha VETA ni dalili nzuri kwamba amesomea ufundi, ila hakichukui nafasi ya leseni. Kwa mpangaji kuna jambo la ziada: omba ruhusa ya mwenye nyumba, na ihifadhi swichi ya zamani ili uirudishe siku ya kuhama.

Kwa nini basi nikueleze hatua zote kama hutazifanya wewe? Kwa sababu wewe ndiye utakayelala ndani ya nyumba hiyo. Anayejua kazi inavyopaswa kwenda humtambua mapema fundi anayekimbilia kumaliza.

Chagua muda wa mchana wenye mwanga wa kutosha, na siku ambayo umeme upo. Watu wengine husubiri umeme ukatike ndipo wafungue swichi, wakiamini wako salama. Hiyo ni hatari kubwa. Umeme ukirudi haubishi hodi, na fundi atakuwa ameshika waya mtupu. Usalama unatokana na wewe mwenyewe kuzima kwenye DB, lile boksi la ndani lenye swichi kuu na sakiti breka. Usiguse mita ya LUKU wala lakiri zake. Hizo ni za TANESCO, na kuzichezea ni kosa.

Fundi azime breka ya taa, ambayo kwa kawaida ni ya ampea 6 au 10, kisha azime na swichi kuu. Nyumba ikiwa na jenereta, sola au betri ya inveta, navyo vizimwe, kwa kuwa vinaweza kulisha nyaya zilezile wakati umeme wa TANESCO umezimwa. Nyumba zenye wapangaji kadhaa kwenye LUKU moja zina hatari yao: jirani anaona giza, anakwenda kwenye DB na kuwasha. Waambie wote kabla, na mtu asimame hapo au mlango wa DB ufungwe kwa ufunguo.

Kisha ipo hatua ambayo mafundi wenye haraka huiruka, ya kuthibitisha kwamba umeme haupo. Taa kuzima siyo uthibitisho. Kwanza kipimo chenyewe kijaribiwe mahali palipo na umeme kabla ya kuzima, kionekane kinafanya kazi. Baada ya kuzima, kipime kila waya ndani ya kisanduku. Kisha, kabla ya mtu kugusa waya wowote, kijaribiwe tena mahali pengine penye umeme kuona hakikufa katikati ya kazi. Bisibisi ya testa yenye kitaa ni nafuu, lakini kitaa chake hafifu huweza kukudanganya mchana wa jua kali. Mita ya kidijitali inayoonyesha namba ni bora zaidi.

Sasa swichi inafunguliwa. Skrubu mbili zinatoka na bamba linavutwa mbele taratibu. Tazama hapo kwa makini kabla fundi hajagusa chochote, kwa kuwa kisanduku kinasimulia habari za nyumba nzima. Plastiki ya waya iliyobadilika rangi ikawa kahawia karibu na skrubu inaonyesha kiungo kilicholegea na kupata moto. Kutu chini ya kisanduku ni maji yanayoteremka kutoka paani kupitia paipu. Udongo wa mchwa, mayai ya mijusi na sisimizi waliokufa ni vya kawaida katika nyumba zetu, na vyote visafishwe. Ukiona waya uliokauka unaopasuka ukikunjwa, simamisha kazi ya dima. Tatizo hilo ndilo la kutibiwa kwanza.

Kabla ya kulegeza skrubu yoyote, piga picha kwa simu. Halafu kila waya upewe alama ya tepu yenye herufi ya tundu ulipotoka.

Kuhusu rangi, usiziamini peke yake. Mfumo wa zamani ulitumia nyekundu kwa waya wa moto, nyeusi kwa nyutro, na kijani au kijani chenye mistari ya njano kwa ardhi. Mfumo mpya ni kahawia, bluu, na kijani chenye njano. Nyumba iliyojengwa kwa awamu na mafundi watatu tofauti inaweza kuwa na mifumo yote miwili ukuta mmoja. Zaidi ya hapo, kwenye swichi ya taa kwa kawaida hakuna nyutro. Kuna waya wa moto unaoingia na mwingine unaorudi kwenye taa, na huo wa kurudi, hata ukiwa mweusi, una umeme kamili swichi ikiwashwa. Ni rahisi mtu auone mweusi, adhani ni nyutro, auguse.

Swichi yenye kitufe kimoja ndiyo rahisi. Waya wa moto unaingia kwenye tundu la dima lenye herufi L au COM, na unaokwenda kwenye taa unaingia kwenye tundu lenye alama ya mshale au wimbi, kwa kufuata mchoro wa boksi. Ncha za waya ziwe safi, shaba isionekane nje ya tundu, na skrubu ikazwe. Baada ya kukaza, kila waya uvutwe kidogo kwa mkono. Usipotoka, umeshika. Waya wa ardhi uungwe kwenye kisanduku cha chuma, na bamba la dima likiwa la chuma nalo liunganishwe na ardhi. Hili la ardhi lisiachwe kwa kisingizio kwamba swichi ya zamani haikuwa nayo.

Sebule zetu nyingi zina bamba la vitufe viwili au vitatu: kimoja taa ya kati, kingine za pembeni, kingine za nje za ulinzi. Hapo waya wa moto huingia kitufe cha kwanza na kurukia cha pili na cha tatu kwa kipande kifupi. Fundi akiondoa bamba na kusahau kipande hicho, taa za nje zinakufa na wewe unadhani balbu zimeungua. Njia nzuri ni kununua bamba ambalo upande mmoja ni dima na mwingine ni swichi za kawaida, au kuhamishia dima kwenye kisanduku chake kipya. Dima mbili ndani ya kisanduku kimoja zinapeana joto, kwa hiyo kila moja ipewe wati pungufu ya zilizoandikwa.

Taa ya koridoni au ngazi inayowashwa kutoka sehemu mbili ina nyaya tatu kwa kila swichi. Mahali hapo dima iwe moja tu, na iwe ya aina inayokubali njia mbili, na upande wa pili ubaki swichi ya kawaida. Dima pande zote mbili zitagombana.

Baada ya kufunga

Nyaya zikunjwe vizuri nyuma, bamba lirudi bila kubana chochote, kisha breka ziwashwe. Zungusha dima kutoka juu hadi chini polepole. Dima nyingi za LED zina kiskrubu au kitufe cha kuweka kiwango cha chini, na fundi akirekebishe mpaka taa isiwe inapepesa mwanga ukiwa mdogo kabisa. Iache iwake saa moja, halafu weka kiganja juu ya bamba. Uvuguvugu ni kawaida. Joto la kukufanya uondoe mkono, harufu ya plastiki au sauti ya kukwaruza ni sababu ya kuzima breka na kumrudisha fundi siku hiyohiyo. Kumbuka pia kwamba dima iliyozimwa inaweza kuacha umeme kidogo unapita kwenda kwenye taa, kwa hiyo siku ya kubadili balbu zima breka.

Kwa bajeti, tenga shilingi 15,000 hadi 40,000 kwa dima ya LED, shilingi 5,000 hadi 12,000 kwa kila balbu inayokubali dima, na shilingi 10,000 hadi 30,000 kwa fundi kutegemea kama kisanduku kitachimbwa upya. Uliza maduka matatu kabla ya kulipa, dai risiti, na mkubaliane na fundi bei ya kazi nzima kabla hajafungua skrubu ya kwanza.

Akiwa bado yupo, mwombe aangalie kama DB yako ina breka ya kuvuja umeme, ile yenye kitufe kidogo cha herufi T. Hii hukata umeme haraka mtu anapopigwa na mkondo kupitia mwili wake kwenda ardhini, na zile za majumbani hukata kwenye miliampea 30. Bonyeza kitufe hicho kila baada ya miezi mitatu, na isipokata, ibadilishwe. Kama huna na fedha zako zinatosha kitu kimoja tu kati ya breka hiyo na dima, nunua breka. Dima inaweza kusubiri mwezi mwingine.

Mtu akinaswa na umeme usimguse. Zima swichi kuu kwanza. Ukishindwa kuifikia, simama mahali pakavu umsukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki, kisha umwahishe hospitali hata kama anasema yuko sawa, kwa sababu moyo unaweza kuathirika bila dalili ya haraka. Moto ukiwaka kwenye swichi usimwagie maji. Zima umeme, toa watu nje, na upige 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kwa hitilafu ya mita au ya nyaya za kutoka nguzoni piga TANESCO kwa 180. Upande huo hata fundi wako mwenye leseni haruhusiwi kuugusa.